Mwizi wa Viazi

"Fungua mdomo, mama. Fungua kidogo tu."

Chiriku akazidi kuufunga. Aliukaza mpaka kidevu kikaingia makunyanzi kama cha bibi kizee, kisha akageukia ukutani, kwenye picha ya matunda iliyofifia kwa moshi. Kijiko kikamfuata huko huko. Akageukia upande wa pili. Kijiko nacho kikageuka.

"Sijui ubishi huu kaurithi kwa nani," baba yake alisema, akijaribu kucheka.

"Usiniangalie mimi," mama alijibu, wala hakucheka.

Walikuwa watatu kwenye meza moja, na mbele yao sahani moja ya wali na maharage, katika mgahawa uliotazamana na kituo cha mabasi. Basi la asubuhi liliwaleta hapo kutoka hospitali kubwa. Basi la kuwafikisha nyumbani lingeondoka mchana. Kati ya mabasi hayo mawili walikuwa na kazi moja tu: Chiriku ale, ashibe, anywe dawa. Muuguzi aliyewaruhusu aliwaambia mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali. "Dawa ya mchana msiiruke. Na msimpe akiwa na tumbo tupu, ataitapika yote. Akiikosa, degedege litarudi, na safari hii mtakuwa barabarani. Mimi sitakuwepo."

Degedege lenyewe mama alikuwa amelishuhudia. Mtoto alikakamaa mikononi mwake kama kipande cha mti, macho yamepinduka, povu mdomoni. Tangu siku hiyo Chiriku akipepesa macho kidogo tu, roho ya mama yake ilikuwa inaruka. Mtoto aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya kuongea tangu jua linachomoza mpaka linazama, sasa alikuwa anasema neno moja moja, kama anayetoa mali yake.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Muda wote ambao mke wake alikuwa wodini na mtoto, yeye alibaki nyumbani akichomelea mchana kutwa ili hospitali ilipwe, na jana ndipo alipokuja kuwachukua. Macho yake yalikuwa mekundu, na mikononi alikuwa na alama ndogo ndogo za cheche. Mikono hiyo sasa aliiweka mezani, mbali na sahani. Walikuwa wamekubaliana njiani, yeye na mke wake, kwamba kilichobaki mfukoni ni nauli na chakula cha mtoto. Wao watakula nyumbani.

Mhudumu, bwana mmoja mwenye aproni ya bluu, alipita akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Baada ya muda akaja kuifuta tena.

"Na nyinyi mtakula nini?"

"Tumeshakula," walijibu kwa pamoja, kama watoto wa shule.

Pale pale tumbo la fundi likanguruma. Alikohoa haraka kulifunika, lakini kikohozi kilichelewa. Mhudumu aliangalia dari.

"Kaka, usinielewe vibaya. Hapa watu wanakula wanawahi magari. Mkimbembeleza mtoto mpaka jioni, meza hii nitamuuzia nani?"

"Anakula sasa hivi," mama alisema. "Anakula, kaka yangu. Tuvumilie kidogo."

Akapenyeza kijiko kwa pembeni mwa mdomo, jinsi alivyojifunza wodini. Chiriku alikaa na maharage shavuni akifikiri. Kisha akayasukuma nje kwa ulimi, taratibu, yakateremka kidevuni, yakatua juu ya meza iliyokwisha kufutwa mara mbili.

"Pilipili," mama alisema, ingawa maharage hayakuwa na pilipili. Alifuta kwa kanga yake, akamimina wali uliobaki kwenye kopo lenye mfuniko, wakatoka huku mhudumu akiwafungulia njia kwa mkono, kama anayewasindikiza ng'ombe.

*

Nje jua lilikuwa limepanda. Walimuuliza dada mmoja aliyekuwa akiuza maji ya chupa kama anajua mahali pazuri pa kula na mtoto mdogo, mahali ambapo mtu hafukuzwi.

"Pale mbele, penye kibao cha mtoto anayecheka," alisema. "Wana viti vya watoto, wana mpaka bembea." Akawatazama viatu. "Ila mjipange."

Walijipanga kwa kusimama nje kidogo. Fundi alikung'uta suruali yake. Mama alimpangusa Chiriku uso kwa mate na kanga, akamrudishia kofia. Wakaingia.

Ndani palikuwa na baridi ya mashine na harufu ya sabuni. Meza zilivaa vitambaa. Fundi alikaa ukingoni mwa kiti, kama anayeogopa kwamba rangi haijakauka. Walitafuta kwenye orodha chakula kidogo kuliko vyote, wakakipata chini kabisa: supu ya kuku ya mtoto.

"Moja tu?" aliuliza mhudumu, msichana mwenye adabu.

"Moja tu, mwanangu. Sisi tumeshiba sana."

Msichana alileta kiti kirefu cha mtoto, kizuri, cheupe, chenye meza yake ndogo kwa mbele. Kweli walikuwa wamefika mahali pa watoto. Mama alianza kupumua. Chiriku aliinuliwa, akakalishwa, akaangalia huku na huku, na msichana akaufunga ule mkanda wa tumboni. Ukalia: tak!

Chiriku alipiga ukelele ambao uliwafanya watu wote waache vijiko hewani.

Mama alielewa mara moja, maana yeye ndiye aliyekuwa akimshikilia wodini, amefungwa shuka mwili mzima, wakati daktari anatafuta mshipa. Fundi hakujua hayo. Alibaki anasema, "Nini? Kaumia wapi? Kabanwa?" na vidole vyake vinene, vilivyozoea nondo, vilishindwa kufungua kidude kidogo cha plastiki. Msichana akakifungua. Chiriku akamrukia mama yake shingoni, akaendelea kulia kwa sauti iliyokuwa inapanda na kushuka kama king'ora.

Meneja alikuja bila haraka. Alikuwa na tai, na sauti yake ilikuwa laini.

"Poleni sana. Tungeomba mmtulize mtoto nje kidogo. Wageni wetu wengine wanahitaji utulivu."

"Si ni mahali pa watoto hapa?" mama aliuliza. Hakuuliza kwa ugomvi. Alitaka kujua kweli.

"Ndiyo, mama. Watoto waliozoea."

Supu ilikuwa haijaletwa bado. Aliwafungulia mlango mwenyewe, akawatakia safari njema. Fundi alitembea hatua kadhaa barabarani kabla hajapata la kusema, na alipolipata halikuwa zuri.

"Wewe umekaa naye wodini muda wote huo. Hujui hata anakulaje?"

Mama alisimama. "Alikuwa anakula kwa mrija puani, Baba Chiriku. Halafu kwa kijiko, kwa kushikwa kichwa. Hivyo ndivyo alivyokuwa anakula. Ungekuwepo ungeona."

"Ningekuwepo nani angelipa?"

"Sijasema usilipe."

"Umesemaje sasa?"

Alimhamishia mtoto bega la pili. Watu walikuwa wanawapita. Chiriku, aliyekuwa amenyamaza begani, alifuta pua kwenye shingo ya mama yake. Fundi alitazama jua, kisha akatazama mfuko wa dawa aliouning'iniza kwenye kidole, kisha akanyoosha mikono.

"Nipe nimbebe. Umechoka."

Hiyo ndiyo iliyokuwa samahani yake, na mke wake aliipokea hivyo hivyo.

*

Mgahawa wa tatu hawakuuchagua. Walikuwa wanatafuta kivuli, wakapita nyuma ya banda la kuziba matairi, wakaona mabenchi, meza ndefu mbili, sufuria zikitoa mvuke, na mwanamke mnene aliyekuwa akipakua huku akigombana na kila mtu kwa furaha. Wateja walimwita Shangazi.

Safari hii mama hakukaa kwanza. Alisimama mlangoni, akasema makosa yote mapema, kama mtu anayeuza mbuzi kilema na hataki lawama baadaye.

"Shangazi, shikamoo. Samahani. Tuna mtoto mgonjwa, lazima ale ndipo anywe dawa. Lakini hali. Anatema. Halafu analia sana. Na sisi tutaagiza sahani moja tu. Kama haiwezekani tuambie tu, tutaelewa."

Shangazi alishusha upawa.

"Anatema na kulia? Basi kafika kwao. Huyu dereva hapa," akamwonyesha kwa upawa bwana mmoja mwenye kitambi na kofia, "jana kalia machozi kwa mwiba wa samaki, watu wakampiga mgongo mpaka akautema. Nikamfukuza? Kaeni."

"Haukuwa mwiba, ulikuwa msumari," dereva alisema mdomo umejaa. "Kaeni hapa, shemeji, pana nafasi." Akajivuta pembeni.

Wali wa kwenye kopo ulikuwa umeshapoa, wakauweka kwa ajili ya safari. Ikaletwa sahani ya wali, viazi vya mchuzi, na mboga za majani, bila pilipili. Shangazi alikuwa amejaza kidogo kupita kawaida. Chiriku alikalishwa benchini katikati ya mama yake na dereva. Fundi alikaa ng'ambo, akaisukuma sahani mpaka ikamgusa mtoto kifuani.

"Umeona? Yote hii yako, mama. Yako peke yako. Mimi sigusi, mama hagusi. Hakuna mtu atakayegusa."

Chiriku aliitazama sahani kama mtu aliyeonyeshwa deni.

"Tonge moja la baba."

Chiriku alikipa kijiko shavu.

"Moja la mama."

Alitikisa kichwa. Mama aliweka kijiko chini polepole. Alikuwa anawaza jinsi watakavyopanda basi hivyo hivyo, na barabara ilivyo ndefu, na vichaka pande zote, na mtu wa kumwita hakuna. Fundi naye alikuwa anawaza hayo hayo, akiyafikicha macho yake mekundu kwa kidole. Hawakutazamana. Ndiyo maana hawakuona.

Mkono mdogo ulipita chini ya kiwiko cha dereva, ukafika kwenye sahani yake, ukachukua kiazi, ukarudi.

"Weh!" mama alipiga kelele. "Weka! Rudisha cha watu!"

Lakini kiazi kilikuwa kimeshaingia mdomoni, na mdomo umefungwa, na mashavu yanakwenda. Mama alibaki ameushika ule mkono mtupu. Chiriku alitafuna. Akameza. Kisha akamtazama dereva kwa jicho la pembeni kuona kama kesi itafunguliwa.

"Jamani," dereva alisema, akiitazama sahani yake. "Nimeibiwa. Mchana kweupe."

"Tusamehe, kaka, hajawahi, sijui leo kapatwa na nini. Chukua kwenye sahani yake, chukua vyote..."

"Acha!" Shangazi alikuwa amekwisha kufika, mikono kiunoni. "Usimrudishie. Huyu mtoto hana ugonjwa wa kutokula. Ana njaa mpaka kwenye kisigino. Ila chenu hataki, anataka cha mwenzake. Nyumbani anakulaje?"

"Kwa kijiko," mama alianza. "Wodini..."

"Sikuulizi wodini. Nyumbani."

Mama aligeuka kumtazama mume wake, na mume wake alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yanatikisika. Kwa dakika nzima alidhani analia. Alipoondoa mikono alikuwa anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwepo.

"Anaiba," alisema. "Shangazi, mtoto wangu anakula kwa kuiba. Nyumbani tunakula sinia moja. Nikirudi kazini anakaa magotini kwangu, mimi nachora mpaka kwenye wali kwa kidole: huku kwangu, huku kwako, mtu asivuke. Basi chake hakigusi. Anasubiri nitazame mlangoni, anaiba changu. Mimi natazama mlangoni mpaka anashiba."

"Na mimi kila siku nagomba," mama alisema, sauti haitoki vizuri. "Namwambia, unamfundisha mtoto wizi, siku moja utaniletea aibu."

"Ndiyo hii imefika," dereva alisema.

"Na leo mmempa sahani nzima, mkamwapia hakuna atakayegusa." Shangazi alitikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, kama anayewahurumia watu walioacha ufunguo ndani ya nyumba wakafunga mlango. "Sasa aibe kwa nani?"

Alibeba sahani, akaenda nayo jikoni. Aliporudi alikuwa na sinia pana la bati, lililobonyea upande mmoja. Wali ulikuwa ule ule, lakini umezungukwa na mwingine uliokwanguliwa kutoka chini ya sufuria, wa rangi ya kahawia, na viazi, na mchuzi wa kutosha. Akalitua katikati.

"Shangazi, sisi tuliagiza..."

"Mliagiza sahani moja na mtalipa sahani moja. Mimi nimebadilisha chombo tu. Haya, mwenye mpaka wake achore."

Fundi alinawa. Akamchukua mtoto, akamweka magotini, akachora mistari miwili kwenye wali kwa kidole, mistari iliyonyooka kabisa, maana kazi yake ni kunyoosha.

"Huku kwangu. Huku kwako. Na huko kwa mama. Mtu asivuke."

Chiriku aliuangalia mpaka kwa muda mrefu. Baba yake akageuza kichwa, akatazama mlangoni, ambako hapakuwa na kitu ila matairi.

Tonge la kwanza liliibwa kwa woga. La pili halikuwa na woga. La tatu liliibwa pande mbili kwa pamoja, mikono yote, na dereva akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka barabarani, "Mzee, geuka huku, unafilisika." Chiriku akacheka na wali mdomoni. Ulimrukia Shangazi, aliyejipangusa kwa kiganja. Fundi aliendelea kutazama matairi kama hajapata kuona vitu vizuri namna ile.

"Na wewe kula," Shangazi alimwambia mama. "Unakodoa nini? Usipokula kwako, atajua ni mtego."

Mama alichota. Alipoliweka tonge mdomoni ndipo alipojua kwamba ana njaa, tena si ya leo. Wodini alikuwa anakula amesimama, mkono mmoja kwenye kitanda, na hakumbuki hata ladha ya chakula kimoja. Sasa alikuwa amekaa. Wali ulikuwa wa moto na sehemu ya chini imeungua vizuri, inavunjika menoni. Alikula akitazama sinia, kwa sababu angemtazama mtu angelia, na hakutaka kuharibu mchezo.

"Baba," Chiriku alisema ghafla, sentensi yake ya kwanza ndefu tangu hospitali, "unatazama nini huko mbona huoni mimi naiba?"

*

Dawa ilinywewa kwenye kifuniko chake, yote, na Chiriku akaramba ukingo. Muuguzi alikuwa amesema kwamba baada ya dawa asitikiswe kwanza, akae ametulia mpaka ikolee tumboni. Wakamlaza benchini, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, kitambi cha wizi kimetuna chini ya gauni. Fundi alikwenda kulipa sahani moja. Alisimama mbele ya Shangazi akitafuta maneno, akayapata machache.

"Shangazi, sisi... leo tumezunguka sana."

"Naona viatu," Shangazi alisema. "Msinishukuru, mtaniletea mikosi. Siku mkipita tena mje, nitamkalisha mtoto karibu na mtu asiye na akili, amwibie." Akamtupia jicho dereva, aliyekuwa amemaliza kula na sasa anakunywa chai.

Kondakta alichungulia mlangoni akitoa jasho. Mama alimtambua: ndiye aliyepokea begi lao kule kituoni na kuliweka kwenye buti la basi la kwenda kwao.

"Dereva! Watu wamejaa, wanapiga kelele. Tunakwenda au tunalala hapa?"

Fundi na mke wake walimgeukia yule bwana mwenye kofia. Hakuwa amewaambia. Pengine hakuona sababu.

"Ndilo gari letu hilo," fundi alisema, akaanza kuinuka haraka. "Mama Chiriku, mwamshe. Tusiwacheleweshee watu."

"Mwamshe nani?" dereva aliuliza. "Mimi mwenyewe sijamaliza chai. Hilo gari linajiendesha?"

"Dereva, kuna mzee pale anasema atakwenda kushtaki kwa wenye basi!" kondakta alisema.

"Mwambie dereva anakunywa chai. Chai ni ya moto. Nikiungua ulimi nitawaendeshaje?"

Kondakta aliondoka akilaani. Fundi alikaa tena, taratibu, ili benchi lisitikisike. Kifua cha Chiriku kilikuwa kinapanda na kushuka bila wasiwasi wowote. Mama aliweka kiganja juu ya tumbo lake akasikiliza kwa mkono, kama anavyofanya mtu anayepima kama unga umeumuka. Hakuna kilichorudi. Honi ililia kule kituoni, mara moja, kisha tena.

Dereva aliinua kikombe, akanywa, akashusha pumzi ya mtu aliyeburudika. Akakiweka mezani karibu na mkono wa mama. Mama alikitupia macho bila kukusudia. Ndani palikuwa pakavu, na majani ya chai yalikuwa yamegandia chini tangu zamani.

Dereva akakiinua tena, akanywa.